MAONI: Visigino virefu viwe hiari ya binti, si sharti la kazi

UKITAKA kujua wanawake wa Nairobi wanavyoviona viatu vya visigino virefu, usitazame picha za mitandaoni. Simama pale stendi ya Railways saa kumi na mbili unusu asubuhi, uangalie miguu.

Utawaona akina dada walionadhifika kweli kweli. Sketi imepigwa pasi, nywele zimetengenezwa, lakini miguuni wana raba au patipati. Mchuchumio wenyewe umo mkobani, ama kwenye mfuko wa karatasi. Wakifika mlangoni pa ofisi wanaegemea ukuta, wanabadilisha viatu, wanavuta pumzi, ndipo wanaingia.

Jioni mambo ni yale yale, ila kinyumenyume. Mtu akivuka lango tu, mchuchumio unarudi mkobani na raba zinatoka.

Sasa nikuulize. Kama kiatu hakiwezi kumfikisha mwenyewe kazini, kwa nini kiwe sharti la kazi?

Naandika haya kwa sababu ya mdogo wangu. Majuzi alipata barua ya kazi, yake ya kwanza tangu amalize chuo. Nyumba nzima tulipiga vigelegele, mama akachinja kuku. Baadaye tulipokuwa wawili chumbani akanisomea masharti. Ukurasa wa pili, chini ya kichwa cha mavazi, wameandika kwamba wafanyakazi wa kike watavaa viatu vyeusi vyenye kisigino kisichopungua inchi tatu.

“Dada, hii ni lazima?” akaniuliza.

Sikumjibu papo hapo. Sharti hilo nalijua. Kifundo changu cha mguu wa kushoto nacho kinalijua, hasa siku za baridi.

Kazi yangu ya kwanza

Nami nilianzia mapokezi, katika ofisi moja mtaani Upper Hill. Nilikuwa nimetafuta kazi karibu miaka miwili, kwa hivyo nilipoambiwa nivae kisigino cha inchi tatu, yaani sentimita saba na nusu hivi, niliitikia haraka kabla hawajabadilisha nia. Nani angekataa kazi kwa sababu ya viatu?

Tulikuwa wawili mapokezi, mimi na kijana mmoja wa kiume. Meza ni moja, simu ni ile ile, na wageni tuliwapokea kwa zamu. Yeye alivaa viatu bapa vya ngozi. Mwisho wa siku alikuwa akirukaruka ngazi kwenda nyumbani, nami nikishuka ngazi hizo hizo upande upande kama kaa, mkono umeng’ang’ania ukuta.

Mwezi wa kwanza vidole vilichubuka. Wa pili nikajua plasta zipi hazibanduki. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimezoea, hata wenzangu wakawa wananiambia, “Siku hizi unatembea kama modo!” Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

Mwaka wa pili nikaanza kuona kitu nisichokielewa. Jumamosi asubuhi nikiamka na kwenda msalani peku, nyuma ya miguu kulikuwa kunavuta, kana kwamba kuna kamba imekazwa kutoka kwenye goti hadi kisigino. Nilikuwa natembea na ncha za vidole ndani ya nyumba, kisigino hakitaki kugusa sakafu. Nikasema ni uchovu, utaisha.

Kisha siku moja nikachelewa. Sikupata nafasi ya kubadilisha viatu, nikapanda matatu na mchuchumio wangu. Tulipofika kituoni gari halikusimama vizuri, kondakta akapiga bodi, “Shuka haraka, madam, shuka na mguu wa kushoto!” Nikashuka na huo wa kushoto.

Kisigino kiliingia katikati ya kabro mbili. Mwili ulikuwa tayari unaenda mbele, wayo ukapinduka kwa ndani, nikasikia mlio kama kijiti kinachovunjwa. Kufumba na kufumbua niko chini, mkoba kule, kiatu kule.

Kijana mmoja alicheka, “Mrembo, viatu vimekukataa!” Lakini mama mmoja aliyekuwa akiuza sukumawiki kando ya barabara alikuja mbio, akanikalisha kwenye stuli yake, kisha akavua patipati zake na kunipa. “Vaa hizi, mwanangu. Mimi nitakaa hapa hadi jioni, sihitaji kutembea.” Patipati hizo nilimrudishia baada ya wiki tatu, na kilo mbili za sukari.

Mfupa haukuvunjika. Nilikuwa nimeteguka vibaya, zile kano zinazoshikilia kifundo zikachanika kiasi. Niliporudi kazini na barua ya daktari, nikiwa na viatu bapa, meneja alinihamishia chumba cha mafaili “hadi utakapoweza kuvaa sare kamili.” Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Sikuambiwa ni kwa sababu ya viatu, na siwezi kuapa kwamba ndivyo. Ila tangu siku ile hakuna mgeni wa ofisi hiyo aliyeniona tena mapokezini.

Mafiga matatu

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenishughulikia alinieleza jambo ambalo lilipaswa kufundishwa shuleni. Alisema nyayo zetu ni kama mafiga. Ukisimama peku, uzito wako unaegemea sehemu tatu: kisigino, shina la kidole gumba, na shina la kidole kidogo cha mwisho. Sufuria ikikaa juu ya mafiga matatu yaliyo sawa, hata ukikoroga ugali kwa nguvu haiendi popote.

Kisha unachukua figa moja, lile kubwa la nyuma, unaliinua sentimita saba, na unalipunguza hadi litoshane na sarafu ya shilingi. Sufuria itafanya nini? Itainama mbele.

Ndivyo mwili unavyofanya. Uzito ambao kisigino kingebeba unasukumwa kwenye vidole na nyama ya mbele ya wayo. Kadiri kisigino kinavyozidi kuwa kirefu ndivyo mzigo wa mbele unavyozidi. Ili usianguke kifudifudi, mwili unajipanga upya: magoti yanabaki yamekunjika kidogo, nyonga na mgongo vinatafuta mkao mpya, na misuli ya miguu inafanya kazi hata pale unapodhani umesimama tu. Hatua zinakuwa fupi na mwendo unapungua. Ule mwendo wa madaha unaosifiwa ni mwili unaojitahidi kubaki wima.

Kifundo nacho kina siri yake. Ule mfupa unaokaa kati ya mguu na wayo ni mpana upande wa mbele na mwembamba upande wa nyuma. Ukikanyaga wayo wote, sehemu pana inajibana vizuri katika nafasi yake. Ukielekeza vidole chini, kama mchuchumio unavyokulazimisha, ni sehemu nyembamba inayobaki pale, na kifundo kinalegea kama mlango ulioachia bawaba. Hapo kijiwe kidogo tu kinatosha kuupindua mguu.

Shangazi yangu hakusomea mambo ya viungo. Anauza viatu vya mitumba Gikomba. Lakini anakuambia yale yale. Kiatu bapa kilichovaliwa na mtu, anasema, hulika kwenye kona ya nyuma ya soli. Mchuchumio uliotumika sana utauona ndani: upande wa mbele umebonyea, alama za vidole zimechorwa kama muhuri, na pale pa kisigino ni papya. “Huyu alikuwa akitembelea vidole,” anasema, akikigeuza kiatu cha mtu wa Ulaya asiyemjua.

Si maneno matupu

Kuna watakaosema haya ni malalamiko ya mtu aliyeanguka. Basi tuwasikilize waliopima.

Mwaka wa 1998, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani uliofanyiwa wanawake 20 wenye afya. Walitembea peku, kisha wakatembea na viatu vyao vya visigino virefu. Nguvu zinazolikandamiza goti upande wa ndani zilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 23 walipovaa visigino. Hii haina maana kwamba kila anayevivaa ataugua magoti. Ina maana kwamba goti linabebeshwa mzigo wa ziada kila hatua, na kwa siku mtu hupiga maelfu ya hatua.

Mwaka wa 2010, watafiti wa Ulaya waliwachunguza wanawake waliokuwa wamevaa visigino vya sentimita tano au zaidi karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili na zaidi. Waligundua kwamba nyuzi za msuli wa shavu la mguu zilikuwa zimefupika kwa zaidi ya asilimia 10 zikilinganishwa na za wanawake wasiovivaa. Ule ukano mgumu unaouona nyuma ya kisigino ulikuwa umeongezeka unene na kukakamaa. Hapo ndipo nilipoelewa kamba yangu ya Jumamosi asubuhi. Haukuwa uchovu. Mguu ulikuwa umejishona upya kufuata kiatu.

Mwaka wa 2012, watafiti wa Australia waliwafuata wanawake tisa waliozoea visigino kwa angalau saa 40 kila wiki. Hawa walikuwa bado wasichana, si wazee. Hata walipovua viatu na kutembea peku, misuli yao iliendelea kufanya kazi tofauti na ya wenzao, ikivutwa zaidi katika kila hatua. Kiatu kimeondoka mguuni, lakini mwendo wake umebaki.

Angalia idadi hiyo tena: saa 40 kwa wiki. Saa nane mara siku tano. Hiyo ni ratiba ya kazi, ndugu msomaji. Hakuna anayecheza densi ya harusi kwa saa 40. Anayeumia hivyo ni yule aliyeambiwa avae ndipo apate mshahara.

Na njia zetu nazo

Isitoshe, viatu hivi vilibuniwa vikanyage sakafu laini. Sisi tunakanyaga nini?

Tunakanyaga kabro zilizoachana. Tunaruka mitaro ambayo vifuniko vyake viling’olewa. Mvua ikinyesha tunapita juu ya mawe yaliyopangwa na wasamaria wema, huku bodaboda inatoka upande usiotarajia. Ngazi za majumba mengi ya katikati ya jiji hazilingani urefu, na siku ambazo lifti imekufa unapanda ghorofa tano kwa miguu.

Ukiwa na figa la nyuma lenye upana wa sarafu, kila kitu nilichotaja hapo ni mtego. Ndiyo maana wale akina dada wa Railways wanabeba raba. Hawakusoma jarida lolote la kitabibu. Miguu yao ndiyo iliyowafundisha.

Ukitaka uzuri?

Najua jibu linalokuja. Ukitaka uzuri, sharti udhurike. Hata mimi nimelisema, nikiwa mbele ya kioo usiku wa sherehe.

Na sitaki kueleweka vibaya. Bado nina mchuchumio mmoja mwekundu, nimeuhifadhi kwenye boksi lake. Nikienda harusi nauvaa, napiga picha, nacheza wimbo mmoja au miwili, kisha naweka chini ya meza na kuendelea na patipati. Kuna furaha katika kuwa mrefu kidogo. Kuna namna mabega yanavyojinyoosha yenyewe. Binti anayevivaa kwa kupenda kwake asitukanwe, wala asiambiwe anajitafutia makuu.

Ila methali hiyo inamzungumzia anayeutaka uzuri. Aliyeamua mwenyewe anajua atadhurika kiasi gani, na anajua saa ya kuvua. Mimi pale mapokezini sikuwa nimeutaka uzuri. Nilikuwa nimetaka mshahara. Uzuri alikuwa akiutaka mwingine, tena amekaa ofisini mwake na viatu bapa, na madhara akaniachia mimi.

Tena wala si kweli kwamba visigino vimeumbiwa mwanamke. Wapanda farasi wa Uajemi wa kale walivivaa ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha tandiko. Mtindo ulipofika Ulaya, wakubwa wa kiume waliupokea kwa shangwe. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alichorwa mwaka wa 1701 akiwa na visigino vyekundu, mguu mmoja mbele, anajidai kweli kweli. Baadaye wanaume wakavitupa, wakagundua kazi inafanyika vizuri zaidi ukiwa umekanyaga chini. Kama wao walivua na heshima yao ikabaki, yetu itaanguka kwa nini?

Wenzetu walifika wapi

Jambo hili limekwisha kupiganiwa kwingine. Desemba 2015 jijini London, msichana aitwaye Nicola Thorp alifika kazini siku ya kwanza, kazi ya mapokezi, akiwa na viatu bapa. Aliambiwa avae kisigino cha inchi mbili hadi nne. Alipokataa alirudishwa nyumbani bila malipo. Ombi lake kwa Bunge la Uingereza lilitiwa saini na zaidi ya watu 150,000, na wabunge wakalijadili Machi 2017. Serikali ilisema sheria zilizopo zinatosha, lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kuzungumza.

Mwaka uo huo wa 2017, jimbo la British Columbia nchini Kanada liliwapiga marufuku waajiri kulazimisha visigino virefu. Ufilipino nayo ikatoa amri ya kuwakinga wafanyakazi wanaosimama muda mrefu, wakiwemo wauzaji wa madukani, wasilazimishwe kuvivaa.

Japani, mwaka wa 2019, mwigizaji Yumi Ishikawa alianzisha kampeni iliyoitwa KuToo, jina linalochezea maneno mawili ya Kijapani yanayokaribiana kwa sauti: kiatu na maumivu. Waziri wa Leba wa huko akajibu bungeni kwamba katika baadhi ya kazi visigino ni vya lazima na vinafaa. Waziri huyo, bila shaka, alisema hayo akiwa na viatu bapa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na hapa Kenya?

Hapa kwetu hatuhitaji kuanza na sheria mpya. Tusome tulizonazo.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na katika orodha ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo kimetaja jinsia, hali ya afya na pia mavazi. Na hakiibani serikali pekee. Hata mtu binafsi haruhusiwi. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama, afya na maslahi ya wote wanaofanya kazi pale.

Mimi si wakili, na mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho. Lakini hata bila wakili mtu anaweza kuuliza: wafanyakazi wawili wa meza moja, mmoja anaruhusiwa kukanyaga chini na mwingine analazimishwa kuinuliwa inchi tatu kwa sababu tu ni mwanamke. Hiyo tuiite nini?

Waajiri watasema ni sura ya kampuni. Sawa. Sura ya kampuni ni usafi, ni salamu nzuri, ni mgeni kuhudumiwa bila kuzungushwa. Andikeni kwamba viatu viwe vyeusi, safi, vilivyofungwa, vilivyopigwa rangi. Hakuna atakayelalamika. Futeni tu zile inchi. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia amerudi kwa sababu ya urefu wa kisigino changu.

Nanyi wafanyakazi wa kiume, kaka zetu, msikae kimya kwa sababu hamguswi. Yule kijana wa mapokezi alikuwa rafiki yangu, aliniona nikivua viatu chini ya meza kila saa tisa. Hakusema neno. Simlaumu, hata mimi sikusema. Lakini neno lake lingesikika kabla ya langu.

Kwa mabinti wenzangu

Kama huna budi kuvivaa kwa sasa, basi jilinde. Chagua kisigino kipana badala ya kile chembamba kama msumari, na kisizidi sentimita tano kama masharti yanaruhusu. Nunua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, usije ukanunua asubuhi vikakubana mchana. Kiatu chenye ncha kali mbele kinakunja vidole na kinaweza kukuzidishia kile kinundu kando ya kidole gumba.

Safari fanya kwa raba, hakuna aibu. Ukiwa mezani, vua. Na kila jioni simama ukielekea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kimekanyaga sakafu, uegemee mbele taratibu hadi uhisi shavu la mguu linavutika. Fanya hivyo kwa zamu, miguu yote miwili. Mwenzangu, ule msuli unaofupika unaweza kunyooshwa, lakini haujinyooshi wenyewe.

Ukianza kusikia maumivu nyuma ya kisigino au kutembea na ncha za vidole ukiwa peku, usifanye kama nilivyofanya mimi. Nenda ukaonwe mapema.

Jibu nililompa

Mdogo wangu alisubiri jibu. Nilitamani kumwambia aichane ile barua. Lakini sote tunajua hali ya kazi ilivyo, na najua nani atalipa kodi ya nyumba asipoenda.

Nilimwambia aende. Kisha tukakaa kitandani na simu yake, tukaandika barua fupi ya heshima kwa afisa wa wafanyakazi. Ilishukuru kwa nafasi, ikasema yuko tayari kuvaa viatu vyeusi nadhifu, na ikauliza kama sharti la inchi tatu linawahusu wafanyakazi wote au wanawake tu, na ni kwa sababu gani. Maswali hayo mawili tu. Hakuna matusi, hakuna vitisho.

“Wakinyima kazi?” aliuliza kabla ya kuituma.

Nilimwonyesha kifundo changu. Bado kimevimba kidogo upande wa nje, na hakitarudi kuwa kama cha mwenzake.

Alikitazama, akabonyeza kitufe, barua ikaenda. Anaanza kazi Jumatatu. Nimempa raba zangu.